Tovuti Binafsi ya Bure kwa Msaada wa Akili Mnemba: Tathmini ya Mfasiri

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya ufasiri hapa Morogoro bila kuwa na mahali pa kudumu pa kuonyeshea kazi zangu. Mteja mpya alipotaka kuona sampuli, nilimtumia faili kwa WhatsApp; alipotaka wasifu, nilimtumia faili nyingine kwa barua pepe; na alipotaka kumwelekeza mwenzake kwangu, hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa namba ya simu. Mwaka huu wakala mmoja wa tafsiri aliyeko nje ya nchi aliniandikia akiomba kitu kimoja tu, kiungo cha tovuti yangu, nami sikuwa nacho. Ndipo nilipoamua kujenga tovuti binafsi bila kumlipa fundi na bila kulipia seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, nikisaidiwa na programu ya akili mnemba. Tovuti imekuwa hewani kwa miezi mitatu sasa, na naona nina la kuwaeleza wafasiri, walimu, wapiga picha na wengine wanaofikiria kupita njia hiyo hiyo.

Ninavyovitathmini ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni GitHub Pages, huduma ya bure ya kuhifadhi na kuonyesha tovuti. Cha pili ni msaidizi wa akili mnemba, yaani programu unayozungumza nayo kwa maandishi, ya aina iliyoenea tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022. Msaidizi niliyemtumia mimi simtaji kwa jina, kwa kuwa nia yangu ni kueleza namna ya kufanya kazi na wasaidizi wa aina hiyo, wala si kupandisha au kushusha kampuni fulani. Nilitumia toleo lisilolipiwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Nianze na makazi ya tovuti. GitHub ilianza mwaka 2008 kama mahali ambapo waandishi wa programu za kompyuta huhifadhi msimbo wao, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, na mwaka 2018 ilinunuliwa na Microsoft. Ndani yake mna huduma ya GitHub Pages, iliyofunguliwa mwezi Desemba 2008, ambayo huzichukua faili ulizoziweka katika ghala lako, yaani folda yako iliyoko GitHub, na kuzionyesha kwa yeyote anayeifungua anwani yako kwenye kivinjari. Kwa ghala lililo wazi kwa umma, huduma hiyo haina malipo. Tovuti hupewa usalama wa HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kati ya msomaji na tovuti, bila gharama, na hakuna matangazo ya biashara yanayobandikwa juu ya kazi yako. Mipaka iliyowekwa ni kwamba tovuti isizidi GB 1 kwa ukubwa, na matumizi ya mwezi yasizidi takriban GB 100. Kwa mtu mmoja anayeonyesha wasifu na sampuli za kazi, huo ni uwanja mpana kuliko anavyoweza kuujaza. Tovuti yangu nzima, pamoja na picha, haijafika MB 1.

Kuna jambo moja ambalo mtu anapaswa kulielewa kabla hajaanza, kwa sababu ndilo linaloamua kama huduma hii inamfaa. GitHub Pages huonyesha faili jinsi zilivyo. Haina hifadhidata, haiendeshi programu upande wa seva, haipokei malipo, na masharti yake hayaruhusu itumiwe kuendesha duka la mtandaoni. Anayetaka wateja wajisajili, waweke oda au waache maoni yanayohifadhiwa, atafute huduma nyingine. Anayetaka kusema mimi ni nani, ninafanya nini, nimefanya nini na nitapatikana wapi, hapa pamemtosha.

Nilifikiria pia njia nyingine za bure. Google Sites ni rahisi kuliko zote, kwani mtu huburuta vipande na kuviweka anapotaka bila kuona msimbo wowote. WordPress.com nayo ina mpango wa bure, ingawa tovuti ya mpango huo hubeba matangazo ya mwenye huduma. Nilichokitaka mimi ni kuwa na faili zangu mwenyewe mkononi. Wanaokumbuka mtandao wa zamani watakumbuka GeoCities, iliyokuwa na kurasa nyingi za watu binafsi, ambayo Yahoo iliifunga mwezi Oktoba 2009. Huduma ya bure huweza kufungwa wakati wowote, na siku hiyo ikifika, mwenye faili zake kwenye kompyuta huzihamishia seva nyingine kwa saa moja, ilhali asiye nazo huanza upya. Tovuti yangu ni folda yenye faili nne za HTML, ambazo hubeba maandishi ya kurasa, faili moja ya CSS, ambayo hupanga rangi na mwonekano, na picha tatu. Naweza kuinakili kwenye flashi, na naweza kuifungua nyumbani hata bando likiwa limekwisha.

Kujiandikisha hakukunichukua muda, lakini nashauri mtu atulie kwenye jina la mtumiaji, kwa kuwa ndilo linalokuwa anwani ya tovuti. Anayechagua jina jinalako ataunda ghala liitwalo jinalako.github.io, na anwani yake itakuwa hiyo. Herufi, tarakimu na kistari vinakubaliwa; nukta na kistari cha chini havikubaliwi. Jina la utani ulilolizoea kwenye mitandao ya kijamii halifai kusomwa na mteja, na kulibadilisha baadaye kutavunja viungo vyote ulivyokwisha kuvigawa. Tangu mwaka 2023 GitHub imekuwa ikiwataka wanaochangia msimbo kutumia uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri ambayo kwa kawaida hutoka kwenye simu. Kwa hiyo, ukishapewa zile namba za akiba za kurejeshea akaunti, ziandike kwenye karatasi na uihifadhi mahali salama, kwa sababu simu hupotea na huibwa.

Sasa nije kwa msaidizi, ambaye ndiye aliyenigharimu fikra nyingi zaidi. Ombi langu la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua anachokitaka: nilimwambia anitengenezee tovuti nzuri ya mfasiri. Ndani ya dakika moja alinipa msimbo mrefu uliohitaji programu kadhaa zisakinishwe kwanza kwenye kompyuta, pamoja na fonti na alama za kuvutwa kutoka seva za mbali, na vipande vya maandishi vilivyokuwa vikielea kutoka kushoto kwenda kulia. Nilipoifungua kwa simu nikitumia mtandao wa kawaida wa hapa mtaani, ukurasa ulichelewa kufunguka hadi nikadhani umeharibika. Kosa lilikuwa langu kwa kiasi kikubwa. Mtu akimwambia fundi seremala amtengenezee samani nzuri bila kutaja chumba wala vipimo, atapata kitanda wakati alihitaji meza.

Jioni iliyofuata nilianza upya, safari hii nikiwa nimeandika maelezo kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Nilimweleza kwamba nataka kurasa nne, yaani mwanzo, wasifu, sampuli na mawasiliano. Kwamba atumie HTML na CSS peke yake. Kwamba asivute kitu chochote kutoka seva nyingine. Kwamba wasomaji wangu wengi watatumia simu. Kwamba rangi ziwe mbili tu, nyeupe na kijani kibichi. Na kwamba anipe faili moja kwa wakati mmoja, akisubiri niseme endelea. Niliongeza sharti ambalo baadaye lilinifaa kuliko yote: ndani ya msimbo, juu ya kila sehemu, aandike maelezo mafupi kwa Kiswahili yanayosema sehemu hiyo ni ya nini. Matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Alinipa faili safi, fupi, zenye mpangilio unaosomeka, na kila nilipouliza mstari fulani unafanya kazi gani alinieleza kwa uvumilivu ambao sijauona kwa fundi yeyote wa kompyuta niliyewahi kumlipa.

Nitoe mfano wa mahali alipofanya kazi nzuri mno. Sampuli ya mfasiri haina maana msomaji asipoweza kuiona matini chanzi na tafsiri yake pamoja. Kwa kuwa nyaraka za wateja ni siri, niliandika mwenyewe kwa Kiingereza maelekezo mafupi ya kuhifadhi mahindi ghalani, kisha nikayafasiri, na nikataka lugha hizo mbili zikae bega kwa bega. Kwenye kompyuta safu mbili zilipendeza, lakini kwenye simu kila safu ilibanwa hadi ikabeba maneno mawili kwa mstari. Nilimweleza tatizo hilo kwa sentensi moja. Alipendekeza kwamba, kioo kikiwa chembamba, safu zivunjwe ili kila aya ya Kiingereza ifuatwe papo hapo na aya yake ya Kiswahili, badala ya kuweka Kiingereza chote juu na Kiswahili chote chini. Hilo lilihitaji kupanga upya faili nzima, naye alilifanya kwa mara moja bila kosa. Mhariri mzoefu wa vitabu vya lugha mbili angefikia uamuzi huo huo, na kwa sampuli ile peke yake naona jioni zangu tano hazikupotea.

Palipo na kasoro kubwa ni kwenye lugha, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndipo watu wengi wataponzwa. Pamoja na msimbo, msaidizi aliniandikia pia maneno ya kujaza kurasa, bila kuombwa. Ukurasa wa mwanzo ulifunguliwa kwa sentensi hii: «Mimi ni mtafsiri mwenye shauku ambaye ninaamini katika nguvu ya lugha.» Baadaye kidogo palikuwa na hii: «Huduma zangu zimeundwa kukidhi mahitaji yako ya kipekee.» Kila neno hapo ni la Kiswahili, lakini hakuna mtu aliyelelewa na Kiswahili anayejitambulisha hivyo. Ni Kiingereza cha matangazo kilichovishwa kanzu. Msomaji wa kawaida atahisi tu kwamba kuna kitu kimekaa vibaya, bila kukitaja. Wakala wa tafsiri, ambaye anaifungua tovuti hiyo mahususi ili apime Kiswahili changu, ataifunga na kutafuta mfasiri mwingine.

Yalikuwapo pia makosa ya moja kwa moja. Aliandika kwamba «nyaraka vyako vitakuwa salama», ilhali sarufi inadai nyaraka zako zitakuwa salama. Kwenye menyu aliweka «Nyumbani» kwa ukurasa wa kwanza, jambo linalomfanya msomaji adhani ataonyeshwa nyumba yangu, na aliweka «Kuhusu» likining'inia peke yake kama kihusishi kilichokosa mwenziwe. Nilivibadilisha vikawa Mwanzo na Wasifu. Alichanganya ufasiri, ambao ni wa maandishi, na ukalimani, ambao ni wa mdomo, akatangaza kwamba napatikana kwa mikutano na warsha, nami sijawahi kukaa kwenye kibanda cha mkalimani maishani mwangu. Nilipomwonyesha makosa hayo aliomba radhi na kuyasahihisha, lakini aliposahihisha sentensi moja aliharibu nyingine, hadi nikaona kwamba kuisahihisha kazi yake kunanichukua muda mrefu kuliko kuandika mwenyewe.

Kwa hiyo niliyafuta maneno yake yote na kuandika yangu. Mahali pa sentensi ile ya shauku sasa pana hii: «Ninafasiri nyaraka za kilimo, afya na mikataba kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Malipo hukokotolewa kwa idadi ya maneno ya matini chanzi.» Ni sentensi mbili kavu, na zinamwambia mteja kila anachohitaji kukijua. Ushauri wangu kwa yeyote anayejenga tovuti kwa njia hii, awe mfasiri au asiwe, ni kwamba amwagize msaidizi aache nafasi tupu zenye alama, kisha maneno ayajaze mwenyewe. Mtu anayeweza kumweleza jirani yake kazi anayoifanya anaweza kuandika ukurasa wa wasifu.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni nzito zaidi kuliko ya lugha. Chini ya ukurasa wa mwanzo msaidizi aliweka sehemu yenye kichwa kinachosema «Wateja wanasema nini», na ndani yake mlikuwa na shuhuda tatu zenye majina ya watu, vyeo vyao na sifa walizonimwagia. Watu hao hawapo. Sikuwahi kumwambia nina wateja gani, wala sikumwomba aweke shuhuda. Alizibuni kwa sababu tovuti nyingi za aina hiyo huwa nazo. Sehemu nyingine alidai nina uzoefu wa miaka kumi na kwamba nimekamilisha miradi zaidi ya mia tano, na kwenye ukurasa wa mawasiliano aliandika namba ya simu ya kubuni. Msaidizi aliviita vitu hivyo mifano nilipomuuliza, lakini havikuwa na alama yoyote ya kuvitofautisha na ukweli. Mtu mwenye haraka angevichapisha, naye angekuwa amewadanganya wateja wake kwa jina lake mwenyewe. Nilizisoma kurasa zote nne neno kwa neno, nikiwa na kalamu mkononi, kabla ya kupakia hata faili moja, na sioni namna ambayo mtu mwaminifu anaweza kuikwepa hatua hiyo.

Jambo jingine dogo, ambalo nisingelijua kama nisingeuliza, linahusu mstari wa pili wa kila faili. Hapo hutajwa lugha ya ukurasa, na msaidizi alikuwa ameandika en, yaani Kiingereza, ingawa kurasa zenyewe zilikuwa za Kiswahili. Kwa macho hakuna tofauti inayoonekana. Lakini programu zinazowasomea wasioona huitegemea alama hiyo kuchagua matamshi, na ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa kuwa ni wa Kiingereza unaweza kusomwa kwa sauti isiyoeleweka. Badala ya en weka sw. Kwenye ukurasa wangu wa sampuli, ambao una lugha zote mbili, kila aya ya Kiingereza imewekewa alama yake peke yake, na kazi hiyo msaidizi aliifanya vizuri mara tu nilipomwomba.

Wakati wa kupakia ulipofika, niliburuta faili kutoka kwenye folda yangu na kuziachia kwenye ukurasa wa ghala, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mabadiliko, na baada ya dakika chache tovuti ikawa hewani. Faili ya ukurasa wa kwanza lazima iitwe index.html. Maelekezo ya msaidizi kuhusu vitufe vya GitHub yalikuwa ya zamani kidogo, kwani alinituma kwenye kitufe ambacho hakikuwapo mahali alipopataja, lakini kwa kutazama kwa makini nilikiona. Baada ya hapo lilitokea tatizo lililoniweka macho hadi saa sita usiku: picha yangu, iliyokuwa ikionekana vizuri kwenye kompyuta, haikuonekana kwenye tovuti. Msaidizi alinipa sababu tatu tofauti, zote kwa sauti ya uhakika, na zote hazikuwa zenyewe. Mwishowe niligundua mwenyewe kwamba simu ilikuwa imeipa faili ya picha jina linaloishia kwa JPG ya herufi kubwa, wakati kwenye msimbo imeandikwa jpg ya herufi ndogo. Windows haijali tofauti hiyo. Seva ya GitHub Pages inaijali. Tangu usiku ule majina ya faili zangu yote ni ya herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Picha hiyo pia ilikuwa nzito, kiasi cha MB 4 kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu. Kumpakulisha mteja MB 4 ili auone uso wangu ni kumtwisha gharama isiyo na sababu. Niliipunguza upana hadi pikseli 600, ikashuka chini ya KB 100, na kwenye kioo cha simu hakuna anayeona tofauti.

Mawasiliano nayo yalihitaji kufikiriwa upya. Msaidizi alinitengenezea fomu nzuri yenye nafasi ya jina, barua pepe na ujumbe, na kitufe cha kutuma. Niliijaza, nikabonyeza, na ujumbe haukufika popote, kwa sababu hakuna programu upande wa seva ya kuupokea. Inanisikitisha kwamba hakunionya, ilhali nilikuwa nimekwisha kumwambia tovuti itakaa wapi. Niliiondoa fomu na kuweka viungo viwili: kimoja hufungua barua pepe, kingine hufungua WhatsApp moja kwa moja kwa kutumia anwani ya wa.me ikifuatiwa na namba ya simu. Hapo napo angalia jambo moja: namba huandikwa kwa kuanza na 255 bila alama ya kujumlisha, na ile sifuri ya mwanzo huondolewa. Msaidizi aliiacha sifuri, na kiungo kilikataa kufunguka hadi nilipoitoa. Kwa wateja wangu wa hapa nyumbani kiungo cha WhatsApp kina faida kuliko fomu yoyote, maana ndiko wanakozungumzia biashara kila siku.

Mazungumzo yakiwa marefu, msaidizi huanza kusahau. Jioni ya nne nilimwomba abadilishe rangi ya kichwa cha habari, akanirudishia faili nzima ambamo kipande cha sampuli kilikuwa kimetoweka na menyu imerudi kuwa Nyumbani. Bahati nzuri nilikuwa nimehifadhi nakala ya kila hatua kwenye folda yenye tarehe. Toleo lisilolipiwa pia huweka kikomo cha ujumbe. Mara mbili liliniambia nisubiri saa kadhaa kabla ya kuendelea. Dawa niliyoiona inafaa ni kufungua mazungumzo mapya kwa kila ukurasa, kumbandikia faili iliyo sahihi, na kumwomba anipe mistari iliyobadilika tu.

Kuhusu faragha, nasisitiza bila kusita. Ghala la bure linalotumiwa na GitHub Pages liko wazi, na kila mtu anaweza kuona si faili zilizopo tu bali pia historia ya mabadiliko yote. Ukipakia wasifu wenye namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani, kisha ukaufuta kesho yake, nakala ya jana bado imo kwenye historia. Wasifu wangu wa mtandaoni una elimu, fani na lugha. Yaliyobaki mteja huyapata tukishakubaliana kazi. Vivyo hivyo, nyaraka za mteja zisibandikwe kwenye mazungumzo na msaidizi kwa lengo la kutengeneza sampuli. Mkataba wa siri kati ya mfasiri na mteja hauna kifungu kinachoiruhusu programu ya kampuni ya tatu kuzisoma nyaraka hizo.

Gharama yote ilikuwa jioni tano na bando la GB 2, ambalo halikuisha. Anayetaka anwani inayoishia na .co.tz atalipia jina la kikoa kila mwaka kwa msajili, kisha anaweza kulielekeza kwenye GitHub Pages bila kulipia seva. Mimi nitafanya hivyo kipato kikiruhusu, kwa kuwa anwani ya namna hiyo haitabadilika hata nikihamisha faili kwenda seva nyingine. Kwa sasa ile ya bure inanitosha. Wakala aliyeniomba kiungo aliipokea, akausoma ukurasa wa sampuli, na swali lake la kwanza lilihusu istilahi moja niliyoitumia kwa ajili ya dumuzi kwenye maelekezo ya mahindi.

Huduma ya GitHub Pages naipendekeza kwa moyo wote kwa mtu binafsi mwenye kitu cha kuonyesha na subira ya kujifunza kidogo. Kwa mwenye duka, au kwa asiyetaka kuona msimbo hata mstari mmoja, siipendekezi. Google Sites itamfaa zaidi. Msaidizi wa akili mnemba nampendekeza kwa kazi ya useremala, yaani kupima, kukata na kuunga, mradi mwenye nyumba awepo muda wote na maneno yatoke kwake.

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye daladala kuelekea mjini, niliisoma tovuti yangu kwenye simu na kuona neno moja kwenye sampuli ambalo halikunipendeza: nilikuwa nimeandika «unyevunyevu» mahali palipohitaji «unyevu». Niliingia GitHub kwa kivinjari cha simu, nikafungua faili ya sampuli, nikayafuata yale maelezo ya Kiswahili yaliyo juu ya kila sehemu hadi kwenye aya ya tatu, nikalibadilisha neno, nikahifadhi. Nilipofika kituoni na kufungua tena ukurasa, neno jipya lilikuwa limekwisha kukaa mahali pake.